Biblia na Bajeti Kwenye Simu Moja: Uzoefu Wangu

Programu mbili zinazofanya kazi kubwa kuliko zote nyumbani kwetu ni za bure: YouVersion, ile Biblia ya kwenye simu, na Google Sheets, jedwali la mahesabu. Akina mama wenzangu usharikani wananiuliza sana habari zake, hasa wale ambao kipato cha nyumba zao hakina tarehe kama chetu, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu kidogo.

Tunakaa Tabata, nyumba ya kupanga. Mume wangu ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, mimi nina cherehani. Hakuna anayesubiri mshahara hapa. Leo ataitwa Goba kufunga madirisha ya nyumba nzima, halafu wiki inayofuata simu haiiti. Mimi nami kuelekea Krismasi na Pasaka nashona mpaka usiku, ikifika Februari mashine inakaa.

Tulianza na programu ya bajeti ya Kikristo ya kutoka Marekani, jina naliacha. Nia yake naiheshimu: inamtaka mtu aipangie kazi kila hela kabla mwezi haujaanza, na sadaka iwe juu kabisa. Lakini hesabu zake zinaanzia kwenye mshahara wa mwezi. Inaomba kuunganishwa na benki za kwao, inataka kulipiwa kwa dola, na haina pa kuweka LUKU ya umeme, mchango wa kijumbe (ule mchezo wa kupeana hela kwa zamu) wala kodi ya miezi sita. Mwezi wetu haupangiki kabla haujafika. Tukaiacha.

Kilichotupa njia ni andiko. Paulo anawaandikia Wakorintho kuhusu mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, anawaagiza kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri alivyofanikiwa. Ni 1 Wakorintho 16:2. Juma, tena kwa kadiri! Hiyo ndiyo bajeti ya fundi na mshonaji kabisa, na niliposoma pale nilimwita baba watoto akaisoma na yeye. Tangu hapo Jumapili jioni, baada ya ibada na chakula, tunasoma Neno kwanza, tunaomba, ndipo tunafungua jedwali. Utaratibu huo naomba mtu asiugeuze. Mkianza na hela, maombi mnayafanya mmeshanuniana.

Jedwali lenyewe halina ufundi mkubwa. Ukurasa wa mapato una safu sita: tarehe, kazi, alicholipwa, vifaa, kilichobaki, fungu la kumi. Mteja wa Kimara akilipa 700,000, na vioo, fremu na usafiri vikala 450,000, kilichobaki ni 250,000, na safu ya mwisho inajiandika yenyewe 25,000 kwa sababu nimeiwekea fomula =E2*10%. Hapo ndipo palipokuwa na maneno zamani. Tutoe kwenye 700,000 au kwenye kilichobaki? Mchungaji alitupeleka Kumbukumbu la Torati 14:22, fungu la kumi linatolewa kwenye maongeo, yaani kile kilichoongezeka, akatueleza kwamba hela ya vioo ni ya mteja, inapita tu mkononi mwa fundi. Zipo familia zinazotoa kwenye jumla yote na sina neno nazo. Sisi tumeshajua letu, na kwa kuwa fomula ndiyo inayohesabu, hakuna tena anayeonekana kumbana mwenzake.

Ukurasa ninaoupenda zaidi ni wa kodi. Anayepanga Dar anajua, mwenye nyumba hataki hela ya mwezi mmoja, anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Kwetu ni 200,000 kwa mwezi, maana yake siku moja inatakiwa 1,200,000 mezani. Ukiigawa kwa wiki 26 inakuja kama 46,200 kwa wiki. Wiki ya kazi kubwa tunaweka hata ya wiki nne, wiki kavu hatuweki kitu, na kisanduku kimoja kule juu kinasema tuko mbele au tuko nyuma kwa kiasi gani. Tukiwa nyuma kinageuka chekundu, rangi hiyo unaipangia mwenyewe. Hela yenyewe inakwenda benki siku hiyohiyo. Ikilala kwenye M-Pesa ya matumizi, inaondoka na vocha na bodaboda. Ada na sare nazo tunazigawa hivyohivyo kwa wiki, maana shule zikifungua Januari na Julai hazimsubiri mtu.

Gesi, LUKU, maji, nauli, hayo yana mistari yake na sina la kuongeza. Ila makato ya kutuma na kutoa hela wekeni safu yake peke yake. Moja moja ni kidogo, lakini yaandikeni yote muone mwisho wa mwezi. Sisi tumeacha kutoa hela kwa wakala vipandevipande kwa sababu ya safu hiyo.

Na kuna mstari wa michango. Harusi, sendoff, kicheni pati, msiba, mgonjwa aliyelazwa Muhimbili, ndugu wa kijijini. Hatuwezi kuwa Wakristo wa Dar na mstari huo uwe sifuri, wala hatuwezi kuuacha bila mpaka. Tunauwekea kiasi cha mwezi, msiba na ugonjwa vinatangulia, harusi inapata kilichobaki. Kamati ikipiga simu naweza kujibu kwa upole na kwa ukweli kwamba mwezi huu tumefikia hapa.

Sasa Biblia. YouVersion ni kazi ya kanisa la Life.Church la Marekani, imekuwepo tangu 2008, haitozi hela na haina matangazo ya biashara. Kiswahili kipo: kuna ile Union Version ya 1952 ambayo wengi tumelelewa nayo, na kuna Habari Njema kwa anayetaka lugha nyepesi. Ukishalishusha toleo lako kwenye simu unasoma hata bando likiwa limekwisha. Lakini kilichonishika mimi ni kusoma mpango mmoja watu wawili. Mume wangu yuko saiti Kigamboni, mimi niko kwenye cherehani, tunasoma sura ileile na kila mmoja anaona mwenzake amefika wapi na ameandika nini. Mithali ina sura 31, inatosha mwezi. Siku tuliyofika sura ya 22, pale panaposema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, baba watoto aliandika chini yake maneno haya: "Mama, deni la dukani tulimalize kabla ya Pasaka." Ni mtu ambaye ana kwa ana haanzishi mazungumzo ya madeni. Jumapili ile tuliliwekea mstari, na Pasaka ilitukuta hatudaiwi.

Hapo niseme la mikopo ya mtandaoni, maana inaingia kwenye simu hizihizi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu za namna hiyo, zipo ambazo ukichelewa kulipa zinawapigia simu watu ulio nao kwenye simu yako, hata mchungaji na mkwe. Ndugu zangu, kabla hujabonyeza kukubali, angalia kama wanaokukopesha wana leseni ya Benki Kuu. Na mkopo wa dharura uandikwe kwenye jedwali siku ileile mwenzako auone.

Sadaka kwa simu pia tunatoa. Usharika una lipa namba, na kabla ya kuingiza namba ya siri nasubiri jina la usharika litokee, likija jina la mtu binafsi nafuta. Ahadi ya ujenzi na mavuno napeleka kwa njia hiyo kwa sababu kumbukumbu inabaki. Ila sadaka ya Jumapili tumeirudisha kwenye bahasha kwa ajili ya watoto. Mtoto akikuona umeshika simu wakati wa matoleo hajui kama unatoa au unasoma meseji, na mimi nataka waone mikono yetu ikitoa.

Zile jumbe za WhatsApp za kupanda mbegu, tuma kiasi fulani kwenye namba hii upokee muujiza wako, nazichukia kwa moyo wote, kwa sababu nimewaona wajane wakituma hela ya chakula. Kanuni yetu ni kwamba hela ya Mungu inakwenda mahali penye mtunza hazina na hesabu zinazosomwa mbele ya watu. Kwetu mapato ya Jumapili iliyopita yanasomwa kwenye matangazo, kila mmoja anasikia.

Kwa anayetaka kuanza: kila mmoja awe na akaunti yake ya Gmail, jedwali unamshirikisha mwenzako kwa barua pepe yake, na kwenye simu unaweza kuliwasha lifanye kazi hata bila intaneti, likipata mtandao linajisawazisha. Kwenye simu yenye kioo kidogo safu nyingi zinasumbua, kwa hiyo gawanyeni kurasa: mapato, kodi na ada, matumizi ya wiki. Wekeni namba ya siri kwenye simu zote mbili. Asiyekuwa na simu janja atumie daftari lenye safu hizohizo, na Jumapili jioni iwe ileile.

Jedwali letu nimelitengenezea nakala tupu, bila majina wala hela zetu, na kikundi chetu cha akina mama kimeanza kulitumia. Wa kwanza kuniletea swali alikuwa mama anayeuza samaki Feri, ambaye mapato yake ni ya kila siku, na sasa tunatafuta namna ya kuipanga kodi yake kwa siku badala ya wiki.