Jenereta ya teknishiamu kama kifaa cha kufundishia: tathmini

Wanaotafuta chuo cha teknolojia ya tiba ya nyuklia huanza kwa kuuliza kuhusu kamera. Waulize kwanza kuhusu jenereta, yaani kifaa kinachozalisha teknishiamu, elementi ya mionzi inayotiwa kwenye dawa za kupigia picha viungo vya mwili. Kamera huzoeleka kwa miezi michache, lakini jenereta ndiyo inayoonyesha kama mtu ameielewa kazi, na kwa kufundishia hatujui kifaa kinachoishinda.

Kwa nje ni kopo zito lenye kinga ya madini ya risasi. Ndani kuna safu ndogo ya alumina (oksidi ya aluminiamu) iliyoshika molibdenamu-99, ambayo hupungua kwa nusu kila saa 66 na kuzaa teknishiamu-99m, inayopungua kwa nusu kila saa 6. Kuitoa huitwa kukamua, na jina limeipata: upande mmoja unachomeka kichupa cha maji ya chumvi ya asilimia 0.9, upande wa pili kichupa chenye ombwe kilichofunikwa kwa risasi. Ombwe linavuta maji kupitia kwenye safu, teknishiamu inashuka nayo, molibdenamu inabaki.

Jenereta ikiwa na GBq 10 (gigabekereli, kipimo cha kiasi cha mionzi) za molibdenamu wakati wa kukamuliwa asubuhi, baada ya saa 24 itakuwa na takribani GBq 6.9 za teknishiamu mpya. Baada ya saa 6 tu zimeshafika 4.2, ndiyo maana mgonjwa wa dharura wa mchana bado anahudumiwa. Udhaifu wake ni safari. Ikikwama uwanja wa ndege siku moja, asilimia 22 ya molibdenamu imekwenda kabla hujafungua boksi, na baada ya wiki inabaki asilimia 17.

Kosa la kwanza la wanafunzi ni haraka. Kwenye jenereta za safu kavu, kichupa cha ombwe kikichomolewa kabla hakijamaliza kuvuta, maji yanabaki kwenye safu, mionzi inayavunjavunja, na mkamuo unaofuata unakuwa hafifu.

Kisha kuna kipimo cha molibdenamu iliyoponyoka. Kichupa kinawekwa ndani ya kinga ya risasi ya milimita 6 hivi, inayozuia mionzi ya teknishiamu na kupitisha ile kali ya molibdenamu. Kikomo ni kilobekereli 0.15 kwa kila megabekereli 1 ya teknishiamu, tena wakati wa kumchoma mgonjwa, si wakati wa kukamua. Hapa wengi huteleza. Mkamuo uliosoma 0.05 saa 1 asubuhi utasoma karibu 0.18 saa 1 jioni, kwa sababu teknishiamu imebaki robo na molibdenamu haijapungua sana. Aluminiamu nayo isizidi mikrogramu 10 kwa mililita. Ikizidi, dawa ya mifupa huweza kuishia kwenye ini.

Somo kubwa zaidi liko kwenye kichupa cha MDP, dawa ya skani ya mifupa. Wodini mtu amezoea kuingiza hewa kichupani ili dawa ivutike kwa urahisi. Hapa ni mwiko. Oksijeni huharibu bati lililomo, teknishiamu inakosa kushikana na dawa, na baada ya saa 3 picha inasema yote: thairoidi, tezi za mate na tumbo vinawaka, mifupa imefifia. Mgonjwa amepata mionzi bila jibu. HMPAO ya ubongo ni kali kuliko hiyo: inataka jenereta iliyokamuliwa ndani ya saa 24 zilizopita, na mkamuo usiozidi saa 2. Kama jenereta haikukamuliwa wikendi, mkamuo wa kwanza wa Jumatatu haufai.

Aliyeyashika haya hafungwi kwenye chumba cha kamera. Anaweza kuandaa dawa za mionzi, kuwa ofisa wa usalama wa mionzi, au kufanya ukaguzi kwenye taasisi kama TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Akihamia PET, aina nyingine ya skani inayotumia dawa za mionzi, atakuta jenereta ya galiamu-68, ambayo mama yake, jemaniamu-68, hupungua kwa nusu kwa siku 271. Kanuni ya ukamuaji ni ileile.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, uliza chuo mambo mawili: kila mwanafunzi hukamua mara ngapi kwa mikono yake, na nani hutia saini daftari la vipimo vya asubuhi. Wakikujibu kwamba hufundishwa kwa picha tu, tafuta kwingine.